Freni kubwa, bei kubwa: je, gari la spoti husimama karibu zaidi?

Mwezi wa tano 2018, gazeti la Marekani linalopima bidhaa kwa niaba ya wanunuzi, Consumer Reports, lilitangaza kwamba haliwezi kuwapendekezea wasomaji wake gari la umeme Tesla Model 3. Sababu ilikuwa freni, au breki kama wanavyosema majirani wa Tanzania na Kenya. Likiwa kwenye mwendo wa karibu kilomita 97 kwa saa, gari hilo jipya na la bei kubwa lilihitaji mita 46 ili lisimame kabisa. Pikapu kubwa aina ya Ford F-150, iliyo nzito zaidi, ilisimama mapema kuliko hilo.

Siku chache baadaye, kampuni ya Tesla ilituma programu mpya kwenye magari hayo kwa njia ya intaneti. Gazeti likapima tena gari lilelile. Safari hii lilisimama kwa mita 40 na nusu, na kabla mwezi haujaisha likapendekezwa. Karibu mita 6 ziliokolewa bila fundi kufungua hata bolti moja. Diski na plaketi zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni maagizo yanayoongoza ABS, chombo kinachozuia magurudumu yasikwame wakati dereva anapokanyaga freni kwa nguvu.

Tukio hilo linasaidia kujibu swali ambalo wapenda magari wanabishania kila mahali, kutoka Ulaya hadi kwenye magaraje ya Bukavu, Goma na Lubumbashi: mtu akitoa mamia au maelfu ya dola kununua diski kubwa na vibanio vyekundu vinavyoonekana vizuri nyuma ya rimu, je, gari lake litasimama karibu zaidi?

Mara nyingi jibu ni hapana, angalau kwa freni ya kwanza. Lakini kuna hali ambapo jibu ni ndiyo, na baadhi ya hali hizo zinawahusu sana wakaaji wa mashariki mwa Kongo, hata wale ambao hawatamiliki gari la spoti maishani mwao.

Matairi ndiyo yanayogusa barabara

Freni haigusi barabara. Kazi yake ni kubana diski ili gurudumu lipunguze mzunguko. Kinacholishika gari lisiendelee mbele ni tairi, na sehemu ya tairi inayogusa ardhi si kubwa: kwa gari dogo, kila tairi hushika eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Viganja vinne hivyo ndivyo vinavyobeba kazi yote.

Ndiyo maana freni za kiwanda za karibu kila gari la kisasa zina nguvu ya kutosha kulikwamisha gurudumu lisizunguke tena. Dereva anayekanyaga kwa nguvu zote na kuhisi pedali ikitetemeka chini ya mguu anapata habari muhimu: ABS imeingia kazini. Maana yake ni kwamba freni zimekwisha kuushinda mshiko wa tairi. Kuongeza nguvu ya freni hapo ni sawa na kuongeza wanaume wa kuvuta kamba iliyokwisha kuteleza mikononi mwa wa kwanza.

Hesabu inaonyesha jambo hilo wazi. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa kwenye lami kavu, likiwa na matairi mazuri sana, husimama kwa mita 39 hivi tangu freni zianze kubana. Mshiko ukipungua hadi saba ya kumi, kwa sababu matairi ni ya zamani au lami imelowa, umbali unafika mita 56. Kwenye tope au changarawe ambako mshiko ni nne ya kumi, zinahitajika mita 98. Katika hali zote tatu freni zinaweza kuwa zilezile. Baadhi ya magari ya spoti husimama kwa mita 32 hadi 35, na siri yao kubwa ni matairi mapana yaliyotengenezwa kwa mpira laini unaoshika lami.

Mwendo nao una uzito kuliko kipuri chochote. Kwenye barabara yenye mshiko wa wastani, gari lililo kwenye kilomita 80 kwa saa linahitaji mita 36 za kusimama. Kwenye kilomita 60 linahitaji mita 20. Ukiongeza sekunde moja ambayo dereva hutumia kabla mguu wake haujafika kwenye pedali, jumla ni mita 58 kwa mwendo wa kwanza na mita 37 kwa wa pili. Dereva aliyepunguza kilomita 20 ameokoa mita 21. Hakuna seti ya freni sokoni inayoweza kuliokolea umbali huo gari ambalo freni zake ni nzima.

Freni ya kwanza na freni ya kumi

Kama mambo ni hivyo, kwa nini Porsche, Ferrari na wengine wanaweka diski kubwa kama sahani za karamu? Je, wanawadanganya wateja wao?

Hawadanganyi. Wanatatua tatizo lingine, nalo ni joto. Gari linapopunguza mwendo, nguvu iliyokuwa ndani ya mwendo haipotei, inageuka kuwa joto. Gari la kilo 1,500 linalosimama kutoka kilomita 100 kwa saa hutoa joto linalotosha kuchemsha karibu lita 1.7 za maji. Joto hilo lote linaingia kwenye diski na plaketi kwa sekunde tatu au nne tu. Likisimama mara moja, upepo utazipoza. Likirudia mara kumi mfululizo, joto linarundikana.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Plaketi za kawaida huanza kupoteza mshiko zikipita digrii 300 au 400 hivi. Dereva anakanyaga vilevile alivyokanyaga mwanzo, lakini gari halitii. Joto likiendelea hadi kwenye mafuta ya freni, yanachemka. Mvuke ukiingia ndani ya mipira, pedali inakuwa laini na kuzama hadi sakafuni, kwa sababu mvuke hubanwa wakati mafuta hayabanwi. Katika hali hiyo matairi bado yana mshiko, ila freni haziwezi tena kuutumia.

Diski kubwa ina chuma kingi cha kupokea joto na eneo pana la kulitoa. Kwa hiyo mtu anayenunua freni kubwa hanunui umbali mfupi wa freni ya kwanza. Ananunua hakika kwamba freni ya kumi itafanana na ya kwanza.

Historia ya mashindano inathibitisha jambo hilo. Mwezi wa sita 1953, kampuni ya Uingereza Jaguar ilipeleka magari yake aina ya C-Type kwenye mbio za saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa, yakiwa na freni za diski zilizotengenezwa na Dunlop. Wapinzani wengi bado walitumia freni za tamburi, ile ngoma ya chuma ambayo hunasa joto ndani yake. Kadiri saa zilivyopita, wenye tamburi walilazimika kuanza kupunguza mwendo mapema zaidi kabla ya kila kona ili kuzilinda freni zao, lakini madereva wa Jaguar hawakulazimika. Duncan Hamilton na Tony Rolt walishinda kwa mwendo wa wastani wa kilomita 170 kwa saa. Leo freni za diski ziko kwenye magurudumu ya mbele ya karibu kila gari dogo linaloingia Kongo.

Hivyo ndivyo ilivyo hata kwa diski za seramiki na kaboni ambazo Porsche ilianza kuzitumia mwaka 2001 kwenye 911 GT2. Zina uzito wa karibu nusu ya diski za chuma, hazishiki kutu na zinavumilia joto kali. Kwa anayekimbiza gari kwenye uwanja wa mashindano, faida iko wazi. Kwa anayekwenda nalo ofisini na sokoni, akikanyaga freni moja kali kwa wiki, maelfu ya dola aliyoyatoa hayatamletea mita nyingi.

Somo la Safari Rally

Kuna mfano mwingine wa karibu. Tangu mwaka 2021, Safari Rally ya Kenya imerudi kwenye kalenda ya mbio za magari za dunia, WRC. Magari yanayoshindana hapo ni ya gharama kubwa sana na timu zake zinaweza kununua freni yoyote zitakayo. Lakini gari lilelile linabadilishiwa freni kulingana na barabara. Kwenye lami linavaa diski za milimita 370 ndani ya rimu za inchi 18. Kwenye udongo na changarawe, kama za Naivasha, linavaa diski za milimita 300 ndani ya rimu za inchi 15.

Yaani, wataalamu wenye pesa wanapofika kwenye barabara mbaya wanachukua freni ndogo. Changarawe haina mshiko wa kutosha kuitumia freni kubwa. Pia barabara ya mawe inadai rimu ndogo na tairi nene linalovumilia mashimo, na ndani ya rimu ya inchi 15 diski kubwa haiingii. Dereva wa mashariki mwa Kongo anayeweka rimu za inchi 18 na matairi membamba ili kupata nafasi ya freni kubwa anafanya kinyume cha wanachofanya mabingwa wa dunia kwenye barabara inayofanana na yake.

Mabadiliko yanayoweza kudhuru

Si kila badiliko ni la bure tu. Mengine yanaharibu. Gari linapofunga freni, uzito unahamia mbele, na freni za mbele hubeba karibu asilimia 70 ya kazi. Kiwanda hupanga mgawanyo huo kwa uangalifu. Mtu akiweka vibanio vikubwa mbele tu bila kugusa nyuma, magurudumu ya mbele yanafika mwisho wa mshiko mapema huku ya nyuma yakiwa bado na akiba isiyotumiwa. Gari lenye muonekano wa mashindano linaweza kuhitaji mita nyingi zaidi kuliko lilipotoka kiwandani.

Plaketi za mashindano nazo zina mtego wake. Zimetengenezwa kufanya kazi zikiwa moto. Asubuhi ya baridi, gari likitoka nyumbani na mtoto akakatiza barabara kwenye mita 200 za kwanza, plaketi hizo zinaweza kushika vibaya kuliko zile za kawaida.

Halafu kuna bidhaa za kuigiza. Vifuniko vya plastiki vyenye rangi nyekundu na jina la kampuni maarufu, vinavyobandikwa juu ya vibanio vya kawaida, havisimamishi chochote. Kinyume chake, vinaweza kuzuia upepo unaopoza. Diski zilizotobolewa matundu na watu wasio na ujuzi zinaweza kupasuka kuanzia kwenye matundu hayo. Na plaketi bandia ndani ya boksi linalofanana na la asili ni hatari zaidi, maana mnunuzi anaamini amejilinda.

Pamoja na hayo, wauzaji wa freni hawana makosa katika kila kitu. Mipira ya freni iliyoimarishwa kwa nyuzi za chuma na vibanio imara huipa pedali ugumu unaomsaidia dereva kupima nguvu anayoitoa. Gari la zamani ambalo freni zake hazina nguvu hata ya kukwamisha magurudumu litafaidika na freni bora kuanzia kanyago la kwanza. Vilevile gari lililoongezewa nguvu ya injini au linalobeba mzigo kuliko lilivyokusudiwa linahitaji freni zinazolingana na kazi mpya. Kosa ni kuuza dawa hiyo kwa kila mgonjwa.

Kutoka Bukavu kushuka Uvira

Mpaka hapa inaonekana kama habari ya matajiri na viwanja vyao vya mashindano. Lakini tatizo la joto halichagui gari. Linatokea kwenye uwanja wa mbio kwa sababu ya mwendo, na linatokea mlimani kwa sababu ya mteremko. Mashariki mwa Kongo ni nchi ya miteremko.

Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Gari linalotoka Bukavu kwenda Uvira kwa barabara ya taifa namba 5, likipitia milima ya Ngomo na uwanda wa Ruzizi, linateremka karibu mita 690 kwa jumla. Nguvu ya mteremko huo lazima iende mahali fulani. Kwa gari dogo la kilo 1,500, inalingana na kusimama kutoka kilomita 100 kwa saa zaidi ya mara 17. Ni joto la kuchemsha bidoni moja na nusu ya lita 20.

Kwa lori la tani 20, hesabu inatisha: joto hilo lingechemsha maji ya bidoni 20 za manjano, zile ambazo kila nyumba ya Bukavu na Uvira inazijua. Sehemu inachukuliwa na injini, upepo na msuguano wa matairi, na barabara ina mahali pa kupanda na kupumzika. Lakini dereva akiacha gari liteleze na kutegemea pedali peke yake, sehemu kubwa ya joto hilo inaingia kwenye freni. Na kwenye milima kama Ngomo, au Kabasha karibu na Kanyabayonga katika Kivu Kaskazini, sehemu kubwa ya mteremko inakuja mahali pamoja, kona baada ya kona.

Malori mengi hutumia freni za hewa na tamburi. Tamburi ikipata moto inapanuka na kuviacha mbali viatu vinavyopaswa kuibana. Dereva anaendelea kukanyaga, hewa ipo, lakini viatu havifikii chuma kwa nguvu. Ndiyo maana baada ya ajali husikika maneno yaleyale: freni zilikatika. Mara nyingine hakuna kilichokatika. Zilichoka kwa joto, na zikipoa zinaweza kuonekana nzima mbele ya fundi anayekuja kuchunguza.

Tofauti kati ya tajiri wa Le Mans na dereva wa Ngomo iko kwenye suluhisho. Tajiri anaongeza chuma kwenye diski. Dereva wa mlimani ana kifaa cha kupunguza joto ambacho hakimgharimu hata franga moja: injini yenyewe. Kanuni ya zamani ya madereva, kushuka mlima kwa vitesi ileile ambayo ungepandia, bado ni kweli. Kwenye magari madogo ya Japani yenye vitesi vya automatiki, kuna herufi au namba kama 2, L, S au B kwenye mkono wa kubadilishia, na mengi yana kitufe cha kuzima O/D. Madereva wengi hununua gari, kuliendesha miaka kumi na kuliuza bila kuvigusa. Viliwekwa kwa ajili ya mteremko.

Lori lina nafasi ndogo zaidi ya kukosea. Vitesi ndogo lazima iwekwe kabla mteremko haujaanza. Gari likishapata mwendo, dereva anayetoa vitesi ili aweke ndogo anaweza kushindwa kuingiza yoyote, akabaki na freni peke yake.

Pesa ianzie wapi?

Kwa mtu mwenye dola mia chache anayetaka gari lake lisimame vizuri, iwe ni Subaru ya spoti au taksi ya kawaida, mpangilio unaotokana na maelezo haya uko tofauti na ule wa maduka ya mapambo.

Matairi yanatangulia. Pembeni mwa kila tairi kuna namba nne ndani ya duara refu zinazoonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa. Namba 3514 inamaanisha wiki ya 35 ya mwaka 2014. Tairi la umri huo linaweza kuwa na meno marefu na kuonekana zuri baada ya kupakwa rangi nyeusi, lakini mpira umekuwa mgumu na mshiko umepungua. Ulaya, tairi la gari dogo haliruhusiwi barabarani meno yakishuka chini ya milimita 1.6.

Mafuta ya freni yanafuata, na ndiyo kazi ya bei ndogo inayosahaulika kuliko zote. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa polepole. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya digrii 230. Ikishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 155. Kwa DOT 3 ni kutoka 205 hadi 140. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wa magari hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Gari lililokaa miaka 15 Japani na hapa bila kubadilishiwa mafuta limebeba maji mahali pabaya zaidi, hata kama limefungwa diski za Brembo.

Baada ya hapo ni plaketi nzuri za asili, diski zisizopinda, na vibanio vinavyorudi vizuri bila kukwama. ABS nayo ichunguzwe: taa yake kwenye dashibodi iwake unapofungua swichi, kisha izime. Taa isiyowaka kabisa inaweza kuwa imetolewa makusudi ili mnunuzi asione kasoro. Ni mwisho wa orodha hiyo ndipo diski kubwa zinapopata nafasi, kwa mwenye sababu ya kuzihitaji.

Nani anapima?

Swali hili lisiachiwe mnunuzi peke yake. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilionyesha katika ripoti ya mwaka 2020 kwamba magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje kati ya mwaka 2015 na 2018. Karibu asilimia 80 yalikwenda kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi kuliko maeneo mengine. Shirika la afya duniani, WHO, linahesabu watu milioni 1.19 waliokufa barabarani duniani mwaka 2021, zaidi ya tisa kati ya kumi wakiwa katika nchi hizo za kipato cha chini na cha kati.

Gari linapokaguliwa, ni rahisi kuangalia karatasi, taa na kioo kilichopasuka. Freni haionekani kwa macho. Kuna mashine zenye mitungi inayozungusha magurudumu na kuonyesha nguvu ya kila freni, kushoto na kulia. Kuna pia kifaa kidogo kinachochovywa kwenye mafuta ya freni na kuonyesha kama yamejaa maji. Hiki cha pili si cha bei ya kumshinda mwenye garaje. Ukaguzi unaotoa karatasi bila kupima mambo hayo mawili unamwachia abiria wa Ngomo kazi ya kupima kwa mwili wake.

Abiria naye si mtu wa kunyamaza. Anayesikia harufu kali kama ya mpira au kitambaa kinachoungua wakati gari linateremka, anasikia plaketi zikizidiwa. Anayo haki ya kusema, "Papa dereva, tusimame kidogo zipoe." Magurudumu yasimwagiwe maji, kwa kuwa chuma chenye moto kikipata baridi ya ghafla kinaweza kupasuka. Yaachwe yapoe kwa upepo, jiwe likiwekwa nyuma na mbele ya tairi, kisha safari iendelee kwa vitesi ndogo.

Gari la spoti, basi, linathibitisha jambo ambalo linahusu hata lori kuukuu la mihogo. Freni bora ni ile inayobaki na nguvu hadi chini ya mlima, na matairi yanayoweza kuitumia nguvu hiyo. Vibanio vyekundu vinaweza kuja baadaye, kwa mwenye pesa za ziada.